Mgahawa wa "thali asilia ya Gujarat" hapa Dar: mmetuuzia uongo kwa Sh 195,800 na mmemdharau mama yangu

Wakuu, habari za jioni. Nimekaa siku mbili nikisubiri hasira ipoe, haijapoa. Jina la mgahawa sitaji kwa sababu sitaki kesi. Niseme tu ni wa upande wa Masaki, na nje wameweka bango kubwa: thali ya Kigujarati, mapishi ya asili, kula mpaka utosheke, Sh 38,000 kwa mtu.

Bango hilo ndilo lililonivuta, na sababu ni bi mkubwa wangu. Ana miaka 71, ametoka Tanga kuja kutusalimia. Kwa miaka 19 alikuwa mpishi kwenye nyumba ya familia moja ya Kigujarati, Wahindi wenye asili ya jimbo la Gujarat, pale Tanga mjini, watu wasiogusa nyama, na bibi mzee wa nyumba ile ndiye aliyemfundisha jikoni, akiwa amekaa kwenye kigoda pembeni yake. Sisi watoto tumesomeshwa na kazi hiyo. Familia ile ilishahama zamani. Nikasema Jumamosi nimpeleke mama akale chakula alichokipika miaka yote hiyo, safari hii aletewe mezani kama mgeni. Tulikwenda wanne: mama, mimi, mke wangu na kijana wetu.

Kwa ambaye hajawahi kula, thali ni sinia lenye vibakuli. Ndani yake unakuta dal, yaani mchuzi wa mbaazi zilizopondwa, kadhi ya mtindi na unga wa dengu, mboga mbili tatu, vitafunio vya chumvi kama dhokla, achari, wali, na kitamu ambacho huliwa pamoja na chakula, hakisubiri mwisho. Rotli, chapati zao, zinakuja moja moja kutoka motoni, nyembamba, zimepakwa samli. Wahudumu wanazunguka na kuongeza mpaka ufunike sinia kwa mkono useme "bas", neno lilelile tunalolisema sisi.

Sasa sikilizeni tulicholetewa. Dal ya Kigujarati ni nyepesi, ina uchachu wa ukwaju na utamu wa sukari guru kwa mbali, mara nyingi na karanga ndani. Inaungwa kwa haradali iliyopasuka kwenye mafuta ya moto, pamoja na mvuje, huuhuu mvuje ambao bibi zetu wa pwani wanawafungia watoto wachanga. Harufu yake huwezi kuikosea. Bi mkubwa alichota kijiko kimoja, akaweka chini. "Mwanangu, hii haijaungwa." Ilikuwa nzito, ya manjano, imejaa krimu na vitunguu saumu. Ni dal ya hotelini unayoipata popote.

Na msinijibu kwamba vitu vinaagizwa kutoka nje ndiyo maana wanapunguza. Dal hiyo ni mbaazi! Mbaazi za Lindi, Mtwara na Babati, zilezile ambazo India ilipobana uagizaji Agosti 2017 bei iliwaangukia wakulima wetu. Ukwaju upo, karanga zipo, sukari guru ipo sokoni. Hakuna kilichokosekana pale isipokuwa mtu wa kujali.

Mboga ya kwanza ilikuwa paniri, yaani jibini la Kihindi, kwenye rojo la rangi ya chungwa, upishi wa Kipunjabi na wa hoteli za Delhi. Ya pili waliiita undhiyu. Undhiyu, wakuu! Chakula cha Surat, cha msimu wa baridi, kinacholiwa sana sikukuu ya Uttarayan tarehe 14 Januari watu wakiwa juu ya mapaa wanarusha tiara. Kinataka kiazi kikuu cha zambarau, bilinganya ndogo zilizojazwa viungo, maharage mabichi na madonge ya unga wa dengu na majani ya uwatu. Kwa asili hupikwa kwenye chungu kilichopinduliwa ardhini, moto ukiwa juu. Sisi tuliletewa karoti, njegere na mahindi ya pakiti ya friza, ndani ya rojo lilelile la rangi ya chungwa. Mama aliuliza kwa upole uwatu uko wapi. Mhudumu hakujua uwatu ni nini.

Badala ya rotli walileta naani. Tulipodai rotli zikaja zimekunjwa kwenye karatasi ya foili, za asubuhi, zimepashwa kwenye maikrowevu, kingo zimekauka. Tukaomba chaas, ule mtindi mwepesi wa bizari nyembamba. Hakuna, chukueni maji ya chupa. Shrikhand, kile kitamu cha mtindi uliochujwa, iliyoandikwa kwenye menyu ikageuka yogati ya kikopo iliyotiwa rangi.

Hayo yote ningeyameza. Lakini mama alipomwita msimamizi, akamweleza taratibu kabisa kwamba dal ya Gujarat haipikwi hivi, yule kijana alimjibu huku akitazama simu: "Mama, hivi ndivyo Wahindi wanavyokula. Wewe umezoea vya nyumbani." Mwanamke aliyesimama kwenye jiko la Kigujarati miaka 19! Bi mkubwa alisema "sawa baba", akanyamaza. Mpaka tunaondoka hakugusa tena sinia. Nimemjua mama yangu maisha yangu yote, najua ukimya ule ni wa nini.

Kisha bili. "Kula mpaka utosheke" ikawa maneno ya bango tu. Rotli sita za kuongeza, Sh 2,000 kila moja. Sahani ya dhokla ya kuongeza, ngumu na ya baridi, Sh 6,000. Maji chupa nne Sh 8,000. Juu yake asilimia 10 ya huduma, huduma ipi sijui. Jumla Sh 195,800, na risiti ya EFD nimeidai mara mbili ndipo ikatolewa. Ninayo.

Najua atakuja mtu aseme chakula cha Kihindi ni kilekile. Si kilekile. Mtu wa Kerala anakula wali, nazi na samaki. Mpunjabi ngano na maziwa. Mtu wa Kathiawar, hukohuko Gujarat, mkate wa uwele na chatine ya kitunguu saumu. Ukimtangazia mtu mtori wa Kichaga ukamletea kisamvu, umemwibia, hata kama kisamvu ni kitamu. Uzeni paniri yenu kwa jina lake, nani atawakataza? Ondoeni neno Gujarat kwenye bango. Nirudishieni Sh 18,000 za vitu mlivyotangaza kuwa vimo kwenye bei. Na yule msimamizi ampigie mama simu amwombe radhi, namba niliiacha kaunta.

Bi mkubwa anarudi Tanga Jumamosi hii kwa basi la asubuhi. Mwenye kujua sehemu ya kweli, Kisutu au Upanga, hata kama ni chumba kimoja chenye meza za plastiki, ambako dal inaungwa kwa haradali na mvuje na rotli inatoka motoni, aniandikie hapa kabla ya Ijumaa.