Sauti kubwa kwa Kihispania: alto, fuerte au ruidoso?

Mwanagenzi:
Habari zenu wanajukwaa. Ninajifunza Kihispania kwa ajili ya kazi ya kuongoza watalii, na kamusi inanipa maneno matatu: alto, fuerte na ruidoso. Nikitaka kumwomba mgeni aliyekaa kiti cha nyuma apaze sauti, nitumie lipi? Je, alto hubadilika kwa jinsia na idadi?

Bi Rehema:
Ndugu Mwanagenzi, mwambie "¿Puede hablar más alto, por favor?", naye atakuelewa, awe ametoka Madrid au Lima. Hapo alto ni kielezi, kwa kuwa linaeleza namna ya kusema, na kielezi hakibadiliki: hata wasemaji wakiwa wanawake pekee, tunasema "hablan alto". Likiwa kivumishi, hufuata nomino yake, ndiyo maana muziki unaosikika mno huelezwa kwa "la música está muy alta", kwani música ni nomino ya kike. Zingatia pia kwamba "leer en voz alta" ni kusoma kwa kutamka maneno yasikike, hata kama msomaji hapazi sauti. Ruidoso lihifadhi kwa mtaa, injini au jirani mwenye makelele; ukimwita mgeni hivyo, utakuwa umemlaumu.

Mkalimani:
Naafiki, ila nisisitize kwamba matumizi hutofautiana mno kati ya nchi na nchi, jambo ambalo vitabu vingi vya wanaoanza hulipita juu juu. Amerika ya Kilatini utasikia sana "habla más fuerte". Nchini Kolombia watu husema "hable más duro", ingawa duro kwa kawaida ni kitu kigumu, na anayetakiwa kushusha sauti huambiwa "hable pasito". Meksiko wapo wasemao "hablar recio". Jihadhari na despacio, ambalo sote tulifundishwa kuwa ni polepole: katika baadhi ya nchi za Amerika ya Kilatini humaanisha pia kwa sauti ya chini, hivyo ukimwomba mgeni apunguze kasi, huenda akaanza kunong'ona. "Más lento" halina utata huo.

Mwanagenzi:
Shukrani nyingi. Na redio ya gari?

Bi Rehema:
Redio hupandishwa na kushushwa: "subir el volumen" na "bajar el volumen". Mgeni akikuambia "¿Puede bajar la música?", anaomba upunguze sauti, si kuizima, kuzima ni "apagar".