Tupeane uzoefu: kutolewa titi lote, au kutoa uvimbe na kupigwa mionzi?

Binti Ngamiani
Wapendwa habarini. Tupo Tanga mjini. Dada yangu, miaka 46, alikatwa kipande kidogo cha nyama ya titi kikapimwa, na majibu yametoka: saratani ya titi la kushoto. Uvimbe una sentimita mbili na kidogo, kwapani hakujaonekana mtoki. Daktari kasema kwa hali yake njia zote mbili zinafaa, achague: titi litolewe lote, au utolewe uvimbe na nyama kidogo ya pembeni, kisha apigwe mionzi. Nyumbani kila mtu ana lake. Mama anataka litolewe lote tumalize. Shemeji kasema mwenye mwili ndiye mwenye kauli, Mungu ambariki. Dada mwenyewe usiku halali. Naomba waliopitia, si waliosikia, watuambie waliamuaje.

Mama Pongwe
Pole mdogo wangu, mpe pole na dada. Mimi nilitoa lote, na kilichoniamulia ni umbali. Mionzi hupigwa siku tano kwa wiki, kwa wiki tatu hadi tano au zaidi. Kwangu ilikuwa ni kwenda hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar, na Tanga hadi Dar ni zaidi ya kilomita 300, huendi ukarudi kila siku. Sina ndugu wa kunipokea mwezi mzima, na genge langu la mboga ndilo linalosomesha watoto.

Baada ya upasuaji nilirudi na mpira umetokea ubavuni, unachuruzisha maji kwenye kichupa. Nilikifunga kwa kipande cha kanga ndani ya dera ili kisining'inie. Ulipotolewa, kazi ikawa mkono. Nesi alinifundisha kusimama mbele ya ukuta na kutambaza vidole kwenda juu. Jikoni kwangu nilichora alama kwa mkaa kila nilipofikia, na nisingepanda hivyo mkono ungekakamaa. Kwenye sidiria naweka pamba niliyoishona kitambaa. Sijutii.

Ila msichague kutoa lote kwa kudhani mmekwepa mionzi. Mwenzangu wa wodini alifikiri hivyo. Vipimo vya baada ya upasuaji vikaonyesha mitoki ya kwapani imeshaingiliwa, akapangiwa mionzi vilevile.

Bi Kaole
Nipo Bagamoyo, mimi nimebaki na titi langu. Nilihofia kwamba kulibakiza ni kuuza maisha, mpaka daktari aliponieleza kwa kina. Tangu miaka ya 1970, madaktari wa upasuaji Veronesi kule Italia na Fisher kule Marekani waliwagawa wanawake wenye uvimbe mdogo, wengine wakatolewa titi lote, wengine uvimbe tu na mionzi. Matokeo ya miaka 20 yakatolewa mwaka 2002: waliobaki hai walikuwa sawasawa pande zote mbili. Mama asomewe hili, maana wazee wetu wanaamini kikikatwa kikubwa ndiyo umepona zaidi.

Lakini mionzi usiifanye ya hiari. Katika utafiti wa Fisher, waliotolewa uvimbe bila mionzi, kama 39 kati ya 100 saratani iliwarudia titi lile lile. Waliopigwa, kama 14. Kama dada hana uhakika wa kumaliza siku zote, bora atoe lote, naliamini hilo kabisa.

Mionzi yenyewe haiumi. Unalala, mkono juu ya kichwa, mashine inazunguka dakika chache, unavaa unaondoka. Wanakuchora alama, usizisugue. Baadaye ngozi ilikuwa nyeusi, chini ya titi ikachubuka, na uchovu ulinilaza saa za mchana. Siku za kazi nilikaa kwa mwanangu Kinondoni, Dar, wikiendi narudi nyumbani. Kwa vile la dada ni la kushoto, aulize moyo utakingwaje.

Mwana Muheza
Mimi sikuchaguliwa wala sikuchagua. Vivimbe vilikuwa viwili, pande tofauti za titi, na nilikuwa na mimba. Mwenye mimba hapigwi mionzi. Nilitoa lote, mtoto anatambaa sasa, alhamdulillah.

Binti Ngamiani
Mmenitoa machozi, asanteni dada zangu. Je, tunaweza kuchukua muda kufikiri, au kila siku ni hatari?

Bi Kaole
Wiki mbili tatu za kuuliza hazina shida, msivushe miezi. Kabla hajaamua, ulizeni foleni ya mionzi Dar ikoje na atafikia kwa nani. Ulizeni pia majibu ya homoni, kwa sababu kama saratani yake inalishwa na homoni atameza tembe kwa miaka, atoe lote asitoe. Na mkono wa kushoto, wakimtoa mitoki, asibebeshwe ndoo za maji mpaka daktari aruhusu. Hilo mlisimamie ninyi wa nyumbani, yeye atasema anaweza.