Tupeane uzoefu: godoro lako lina miaka mingapi, na unaamka mzima?

Mlinzi wa Bonde (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Ni saa tisa usiku, mgongo umekaza, mke wangu kanibiringikia kwa sababu godoro limefanya bonde katikati na sote wawili tunashukia humo kama maji ya mvua. Huu ni usiku wa tatu mfululizo. Nimeona badala ya kuhesabu mabati niandike hapa.

Historia yenyewe fupi. Mwezi wa nne alipita kijana na mkokoteni mtaani kwetu Mbagala, magodoro kayavisha nailoni yanang'aa. Akasema ni "hai densiti", yaani sponji nzito, 5 kwa 6, inchi 8, laki moja na ishirini tu kwa kuwa kiwanda kinamaliza mzigo. Nikalibonyeza kwa kiganja, likarudi. Nikalikalia, sawa. Nikalipa. Kufika mwezi wa nane bonde likaanza, na sasa hivi ukitaka kulala pembeni lazima ushikilie ukingo wa kitanda.

Nyinyi mlichaguaje? Mnalitunzaje? Mwenye godoro lililofika miaka kumi aje aseme anaishi nalo vipi. Naomba stori zenu wenyewe, wenye matangazo wapeleke jukwaa la biashara.

Kandambili

Nimekaa siti ya mbele. Mimi nalalia godoro nililotoka nalo chuo 2014, la futi mbili na nusu. Nikilikunja linaingia kwenye ndoo. Wataalamu njooni.

MamaPacha

Pole sana kaka. Kabla hujalilaani godoro, linyanyue utazame chaga. Mimi nimeua magodoro mawili nikidhani nimeuziwa uchafu, kumbe muuaji ni kitanda.

Kitanda kilichongwa na fundi wa jirani, mninga safi, kichwani maua. Godoro la kwanza likabonyea ndani ya mwaka. Nikanunua la pili, la bei zaidi, dukani kabisa na risiti nikapewa. Nalo hivyohivyo. Siku tunahama nyumba tukalisimamisha ukutani, ndipo nikaona upande wa chini una mistari kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi. Nikarudi kuhesabu chaga: saba! Kitanda cha futi sita, chaga saba za inchi tatu. Kati ya chaga na chaga mkono wangu unapita na bangili zake zote. Na katikati hakuna ubao wa kuzibeba wala mguu, kwa hiyo chaga zenyewe zimepinda. Sponji haina mifupa jamani, inafuata kinachoibeba.

Fundi mwingine akaongeza chaga sita, akapitisha ubao mmoja katikati kwa urefu na kuuwekea mguu. Nafasi sasa ni vidole vinne. Lile godoro la pili bado nalilalia, huu mwaka wa sita. Bonde la zamani halijaondoka, ila halijaongezeka.

Mnyalu_Mpole

Chaga za nini zote hizo? Mimi nimepiga plaiwudi moja juu ya kitanda, godoro linakaa kama meza. Iringa hapa, miaka mitano, shwari.

Bint Kisosora

Mnyalu, hiyo ni Iringa kwenye baridi yenu kavu. Sisi Tanga tulipiga plaiwudi hivyohivyo. Mwaka haukuisha, nikasikia harufu ya uvundo chumbani, nikaisingizia kapu la nguo. Kugeuza godoro, chini limeota madoa meusi ya ukungu, na plaiwudi nayo imeota. Mtu akilala anatoa jasho, jasho linashuka, likikuta ubao mzima halina pa kutokea. Kama huna budi na plaiwudi, itoboe matundu mengi, na asubuhi usikimbilie kutandika. Funua shuka, fungua dirisha, unywe chai kwanza ndipo utandike.

Ila wengi humu mmekuta sponji. Mimi nimelelewa kwenye godoro la sufi, juu ya kitanda cha kamba, kile cha teremka tukaze. Kamba zikilegea mnashuka kweli, wawili wanavuta, mmoja anagonga kigingi, mnapanda tena. Sufi ilikuwa inatoka kwenye miti yetu wenyewe nyuma ya nyumba. Matunda yakipasuka sisi watoto tunakaa ukumbini kuchambua, mbegu huku, sufi huku, na mlango umefungwa kwa sababu upepo ukiingia mnafukuzana nayo hadi barazani. Bibi alikuwa na kitambaa kafunga puani, sisi tunapiga chafya.

Godoro la sufi lilihitaji kazi. Kila likishikana na kuwa mabonge, bibi analifumua ubavuni, sufi inamwagwa kwenye mkeka juani, inapigwa fimbo mpaka inafura kama wingu, inarudishwa, anashona kwa sindano ile ndefu ya magunia. Usiku huo mkilala mnaelea. Na lilikaa miaka na miaka, maana kila mwaka ni kama jipya. Sponji ikishakufa haifumuliwi, ndiyo tofauti.

Kandambili

Teremka tukaze 😂😂 nimecheka mpaka godoro langu limetoboka.

Sponji Mbichi

Nimefanya kazi kiwanda cha magodoro miaka minne, upande wa kukata. Niwape ya jikoni.

Sponji inaumuka kama andazi. Kemikali mbili kubwa, polioli na TDI, zinachanganywa na maji na viungo vingine, na mbele ya macho yako uji unapanda unakuwa bonge kubwa kuliko gari dogo. Ndani lina joto kali. Bonge jipya linatengwa peke yake hadi kesho yake lipoe, kwa sababu ukilirundika na wenzake mapema linaweza kuwaka lenyewe. Likipoa ndipo sisi tunalikata kama mkate.

Sasa sikilizeni: inchi ni kisu tu. Kisu kikipanda unapata 10, kikishuka unapata 6. Ubora uko kwenye uzito, kwamba ndani ya mita moja ya ujazo mna kilo ngapi za sponji. Sponji nyepesi imejaa hewa. Ukiibonyeza dukani nayo inarudi vizuri tu, ndiyo maana kiganja chako mleta uzi kilikudanganya. Baada ya miezi kuta zake nyembamba zinachoka, hazirudi tena.

Kipimo changu ni hiki. Upana mara urefu mara kimo, vyote kwa inchi. La 5 kwa 6 inchi 8 ni 60 × 72 × 8, unapata 34,560. Gawa kwa 61,024, ndizo inchi za ujazo zilizo ndani ya mita moja ya ujazo. Unapata kama 0.57. Pima godoro kwenye mzani, toa kilo moja hivi ya kava, gawa kwa hiyo 0.57. Kwa nilivyozoea mimi, 16 au 17 ni sponji ya kuegemea kwenye kochi. Mtu mzima asilalie chini ya 25. Mkiwa wawili na mmejaliwa miili, tafuta 30.

Onyo: wapo wajanja wanaojaza mabaki katikati na kuzungushia sponji nzuri kingo zote nne, hilo mzani utalisifia. Kwa hiyo fungua zipu. Likiwa limeshonwa pande zote halina zipu na muuzaji hataki hata kukuonyesha ndani, mwache na mkokoteni wake.

Tabibu wa Viungo

Nipo idara ya mazoezi tiba, kila wiki napokea watu wa mgongo. Nusu yao wameambiwa na mtu walale chini kwenye mkeka. Wanakuja na mgongo uleule, na bega limeongezeka.

Imani ya kwamba gumu ndiyo dawa ilipimwa. Mwaka 2003 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Hispania: watu wazima 313 wenye maumivu sugu ya kiuno waligawiwa magodoro, wengine magumu, wengine ya ugumu wa kati, wakayalalia siku 90. Wa ugumu wa kati walipata nafuu zaidi. Sababu unaweza kuiona mwenyewe ukilala ubavu. Kwenye gumu mno, bega na nyonga vinagoma kuzama, kiuno kinaning'inia hewani. Kwenye laini mno, nyonga inazama peke yake na uti wa mgongo unapinda kama upinde.

Dukani usilibonyeze, lalia. Vua viatu, lala ubavu, ule ule unaolalia nyumbani, kaa dakika kumi hata muuzaji akikutazama vibaya. Mwenzako akutazame kwa nyuma: mstari wa uti umenyooka au una kona? Wale wa kiuno, wekeni mto mwembamba kati ya magoti, ni wa bure. Na mtoto mchanga hesabu yake ni nyingine kabisa, yeye alale chali, kwenye godoro gumu lililonyooka, bila mito.

Ummu Twaha

Asanteni, nimenukuu yote. Mimi shida yangu kikojozi. Mwanangu wa miaka sita, namwamsha saa sita, anakojoa chooni, na saa kumi analowesha tena. Nilitandika nailoni, akawa anatoka jasho, tena ikawa inachakarisha usiku kucha, hakuna anayelala. Dawa nimeipata kwenye begi la uzazi: ule mpira tulioambiwa tuje nao hospitali kujifungua. Nimeuosha, nimeutandika kuanzia kiunoni mpaka magotini, juu yake khanga iliyokunjwa mara mbili, halafu shuka. Hauchakarishi.

Likipenya, kosa ni kumwaga maji. Maji yanauteremsha mkojo chini kwenye sponji na hapo hautoki tena. Mimi nakandamiza kwa taulo kavu, nasimama juu ya taulo kabisa, mpaka inakuja kavu. Kisha siki kidogo na maji kwenye kitambaa, nagusagusa, nakandamiza tena, namwagia bekingi soda, asubuhi naipangusa. Godoro linatoka nje na kava yake, nalisimamisha penye upepo. Sponji tupu usiianike juani kutwa, inageuka njano na kumeguka kama keki ya jana.

Konda Mstaafu

Naona hakuna anayetaka kuwataja. Haya, nitawataja mimi: kunguni.

Nilikuwa kwenye basi za mikoani, leo nalala gesti hii, kesho ile. Wakanifuata hadi nyumbani ndani ya begi. Nilichoma godoro, wallahi nililichoma nje majirani wakishuhudia, nikanunua jipya. Wiki mbili tu wamerudi, wamenona. Kumbe hawakuwa wanaishi kwenye godoro peke yake, walikuwa kwenye matundu ya misumari ya kitanda, kwenye nyufa za chaga, nyuma ya soketi, kwenye pindo la pazia. Godoro jipya niliwaletea tu shuka safi.

Nikaanza upya. Kitanda nikakifungua kipande kwa kipande, chaga nikazimwagia maji yanayochemka, nguo na shuka kwenye maji ya moto. Joto la nyuzi 50 na kuendelea likidumu linawamaliza na mayai yao. Jua la kuanika halitoshi, wao wanahamia upande wa kivulini. Mtu wa dawa akapuliza, na baada ya siku kumi na nne akarudi kupuliza tena, kwa sababu mayai yaliyosalimika yanakuwa yameshaanguliwa. Hiyo mara ya pili ndiyo watu wanaikimbia kwa kubana hela. Na wasikudanganye kwamba ukifunga chumba mwezi watakufa njaa, wanaweza kukaa miezi bila kula.

Siku hizi nikifika gesti, begi linabaki mlangoni. Nafunua shuka kwenye kona ya godoro, namulika mishono kwa tochi ya simu. Nikiona vidoto vyeusi kama kalamu imedondosha wino, nageuza.

Mlinzi wa Bonde

Wakuu nimerudi na mrejesho, tena nimefanya kama mlivyosema.

Kwanza mzani. Nimeazima kwa muuza mkaa, ule wa kuning'iniza. Tumelifunga godoro kamba kama mbuzi, tumelitundika kwenye mwembe, mtaa mzima umetoka. Kilo 10 na kava yake! Ukitoa kilo ya kava, gawa kwa 0.57, inakuja kama 16. Sponji ya kuegemea kwenye kochi, kama alivyosema Sponji Mbichi, na mimi nina kilo 92. Zipu haikuwepo, nikafumua kwa wembe. Ndani ni vipande vitatu vimegundishwa, kimoja cha waridi, kimoja cheupe, kimoja rangi ya maji ya kunawa.

Pili, chaga. MamaPacha, nane. Nane na moja imepasuka.

Jumamosi nikaenda dukani na uleule mzani wa muuza mkaa. Kijana wa duka la kwanza akaniuliza kama nimekuja kununua nyama. Duka la pili mzee akacheka, akanisaidia kulitundika mwenyewe: 5 kwa 6, inchi 8, kilo 15 na nusu. Nikalala ubavu dakika kumi, mke wangu akatazama uti, akasema umenyooka. Laki mbili na themanini, imeniuma, nimelipa.

Fundi wa chaga anakuja Jumatano. Kwa sasa tumelilaza sakafuni juu ya mkeka, asubuhi nalisimamisha ukutani lipate hewa, Bint Kisosora usiwe na wasiwasi. Jana nimeamka saa kumi na mbili kwa adhana ya simu, mke wangu yuko upande wake na mimi upande wangu.

Kandambili

Hongera mkuu. Sasa hilo la zamani unalitupa? Maana kilo kumi kwangu ni utajiri.

Konda Mstaafu

Kandambili, nenda na tochi.