Kuku wa Kikorea huku ughaibuni: tunatozwa bei ya kazi ambayo haikufanyika

Wanajamvi, salaam.

Naufungua uzi huu kwa hasira, kwa sababu ninachouziwa hapa London kwa jina la kuku wa Kikorea hakifanani hata kidogo na nilichokula nilipokuwa masomoni Daegu, Korea Kusini, na wenye migahawa wanajua fika kwamba hakifanani.

Kuku huyu hupendwa kwa ajili ya utaratibu wake. Hupakwa unga mwepesi, mara nyingi wenye wanga wa viazi, hukaangwa hadi aive, hutolewa apumzike ili mvuke umtoke, kisha hurudishwa kwenye mafuta yenye moto mkali zaidi. Ganda huwa jembamba na kavu, kiasi kwamba hata akipakwa mchuzi wa gochujang (rojo la pilipili lililochachushwa) na kitunguu saumu, hata akipelekwa kwa pikipiki hadi mlangoni kwa mteja, bado huliwa akiwa mkavu. Zipo kampuni ambazo wapishi wake hupaka mchuzi kwa brashi, kipande kimoja baada ya kingine. Pembeni huja achari ya figili nyeupe ya kukata mafuta mdomoni.

Huku nimeletewa kuku aliyevikwa unga mzito, akakaangwa mara moja, akamwagiwa mchuzi mtamu hadi ganda likalowa na kulainika. Figili inauzwa kando, kwa bei yake. Nilipomuuliza mhudumu kwa nini hawakaangi mara mbili, alinijibu kwamba wateja hawapendi kusubiri. Nani aliwauliza wateja?

Sipingi kuku huyu kusambaa duniani, na historia yake naiheshimu. Baada ya msukosuko wa fedha wa 1997, Wakorea wengi walioachishwa kazi walitumia viinua mgongo vyao kufungua maduka madogo ya kuku. Mitaa ikajaa, ushindani ukawabana, na kampuni zikatafuta wateja ng'ambo. Bonchon, iliyoanzishwa Busan mwaka 2002, ilifika New Jersey, Marekani, mwaka 2006. Miaka michache baadaye, tamthilia ya Kikorea iliyoanza kurushwa Desemba 2013 iliwafanya Wachina wapange foleni kutafuta kuku na bia. Ndiyo maana inaniuma kuona mapishi yaliyonolewa na watu waliokuwa wakipigania riziki yakigeuzwa bango la kuwanasa vijana wanaopenda muziki wa Korea.

Korea kwenyewe walaji hawakubali kupunjwa. Mwaka 2025 kampuni moja kubwa ilipunguza nyama katika kuku wake asiye na mifupa bila kushusha bei, ikalaumiwa hadi ikarudisha kipimo cha awali, na Desemba mwaka huohuo serikali ikatangaza kwamba kampuni kubwa za kuku zitalazimika kuonesha uzito wa kuku kabla hajapikwa. Sisi huku tunapiga picha, tunalipa, tunaondoka, na mwenye mgahawa anafungua tawi jingine kwa fedha zetu.

Ninachotaka ni hiki: mlioko Ulaya, Marekani na Ghuba, tajeni hapa miji yenu na migahawa inayokaanga mara mbili kwa uhakika, ili fedha zetu ziwafikie wanaofanya kazi. Na mkiletewa kuku aliyelowa, mrudisheni jikoni kabla hamjalipa.