Randevu za mtoto mwenye selimundu zinanishinda, naomba ushauri

Mama Muuza Vitenge:
Wapendwa, ninaishi Lubumbashi na ninauza vitenge katika soko la Mzee Kabila. Mtoto wangu wa pili, mwenye miaka saba, ana ugonjwa wa selimundu, ule wa kurithi wa chembe za damu unaoleta maumivu makali ya mifupa. Anatumia haidroksiyurea, dawa ya kupunguza vipindi vya maumivu, na asidi ya foliki, vitamini ya kusaidia kutengeneza damu, na kwa sababu ya dawa hiyo ya kwanza ni lazima apimwe damu mara kwa mara. Kila randevu inanimalizia siku nzima: nasubiri maabara, kisha nasubiri daktari, huku mtoto wa mgongoni akilia na meza yangu sokoni ikiwa imefungwa. Mume wangu anafanya kazi mgodini upande wa Fungurume na hurudi mwisho wa mwezi. Ninyi mnaolea watoto wagonjwa mnapangaje siku zenu?

Yaya wa Katuba:
Pole sana, mama. Mimi naona tatizo si randevu, ni baba. Selimundu mtoto huirithi kwa wazazi wote wawili, kwa hiyo hata kumuuguza ni kazi ya wote wawili, na mshahara unaotumwa kwa simu hauwezi kumbeba mtoto hadi hospitali.

Mwalimu wa Ruashi:
Mdogo wangu ana ugonjwa huohuo, na leo ni fundi umeme mwenye watoto wake. Mama yetu alimpa sweta na chupa ya maji kila asubuhi, akaenda kumweleza mwalimu kwamba mtoto huyu lazima anywe maji mengi, basi akiomba kwenda chooni asizuiwe. Mwaka mmoja alikuja mwalimu mgeni, akamwadhibu kwa kumkimbiza kuzunguka uwanja, na usiku ule hakuna aliyelala nyumbani kwetu. Anza na shule, mama.

Muuguzi Mstaafu:
Mama, Juni inakaribia, na baridi ya usiku ya hapa huwaamsha watoto hawa kwa maumivu. Umepanga nini kwa msimu huo? Naona kuna neno hujalisema.

Mama Muuza Vitenge:
Nimepanga kumpeleka Kasenga kwa bibi yake, mama yangu mzazi, na nauli nimekwisha kulipa. Kule kando ya mto Luapula kuna joto, bibi anampenda, nami nitapata nafasi ya kuwatazama hawa wengine. Baba yake bado sijamwambia. Msinihukumu haraka, kwa maana si ninyi mnaomkanda miguu saa nane za usiku kwa kitambaa cha maji ya moto, naye akikuonyesha kwa kidole mahali hasa mfupa unapouma.

Muuguzi Mstaafu:
Sikuhukumu, na kuhusu baridi umesema kweli. Lakini joto hilo la mtoni ndilo linalolea mbu, na malaria kwa mtoto mwenye selimundu ni hatari kubwa, kwa sababu inamaliza haraka damu ambayo tayari ni kidogo. Wengu wake pia haumlindi kama wa mtoto mwingine, hivyo homa ikifika nyuzi 38.5 anapaswa kuonwa na daktari saa hiyohiyo, wala si kungoja kesho. Kutoka Kasenga hadi hapa ni karibu kilomita 200. Na ile damu ya kupima, nani ataipima?

Mkaazi wa Kenya (mtaa wa Lubumbashi):
Samahani, mimi nina mashaka. Mume anarudi kila mwisho wa mwezi, lakini hajui kwamba mwanawe anahamishwa? Habari za namna hii nimezisoma nyingi, na mwishowe huja namba ya simu ya kutumiwa pesa.

Mama Muuza Vitenge:
Sitaomba hata franka moja. Mume wangu akirudi hukaa siku mbili, na siku ya kwanza yote analala. Nilitaka akute jambo limekwisha, kwa sababu nikimuuliza atasema tungoje, na baridi haingoji.

Yaya wa Katuba:
Hata kama angekuwa ameitunga, wako akina mama wengi wenye mtoto kama huyu, nao wanasoma hapa. Tuendelee.

Muuguzi Mstaafu:
Kwa nini bibi asije huku? Akikaa Juni na Julai, abaki na mdogo siku za hospitali, wewe uende na mgonjwa peke yake. Pia umwombe daktari kipimo na kuonwa viwe asubuhi moja. Mara nyingi haikataliwi, ila ni lazima mtu aombe.

Mama Muuza Vitenge:
Bibi ana mihogo yake shambani na hapendi mji. Hata hivyo nitampigia leo jioni, baada ya kuongea na mume wangu. Bibi akikataa, sijui mdogo nitamwachia nani, kwa hiyo tiketi siirudishi kwanza.

Mwalimu wa Ruashi:
Basi linaondoka lini?

Mama Muuza Vitenge:
Jumatano.