Wanapandishiana dau wao, bili tunaletewa sisi watazamaji

Wakuu, habari za humu. Naufungua uzi huu nikiwa na hasira dhidi ya kampuni zinazonunua haki za kuonyesha michezo, na hasira yenyewe wala si ya leo.

Niko Columbus, Ohio, mwaka wa tisa sasa. Jumapili ya Januari 21, 2024, Taifa Stars walicheza na Zambia kwenye AFCON kule San Pédro, Ivory Coast. Msuva alitufungia dakika ya 11, na Zambia wakabaki kumi uwanjani kabla ya mapumziko. Nilikuwa nimelipia mwezi mzima kwenye huduma moja ya mtandaoni kwa ajili ya mechi zetu tatu tu za makundi. Nimewaalika jamaa wanne, mke wangu kapika pilau, sebule imejaa. Dakika ya 86 picha ikaganda. Watu wazima sita tumekaa tunatazama kiduara kinazunguka.

Simu ikalia. Ni sauti ya mdogo wangu aliyeko Tabora, kwenye kibanda umiza alikoingia kwa shilingi mia tano: "Kaka, Daka kasawazisha." Nyuma yake nasikia benchi zima linaguna. Picha iliporudi kwetu, wachezaji walikuwa wanapeana mikono.

Nililalamika kwa maandishi. Nikajibiwa na mashine kwamba nikague kasi ya intaneti yangu, wakati muda uleule mtoto chumbani alikuwa anaangalia katuni bila kukwama hata mara moja. Pesa haikurudi.

Sasa mtu ataniambia, "Hama, nenda kwa mshindani wake." Hapo ndipo uongo wote ulipo. Nihamie wapi? Mechi ile ilikuwa na mlango mmoja tu niliokuwa na uwezo wa kuupitia. Ukienda sokoni ukakuta wauza sukari wawili, sukari ni ileile, kwa hiyo watashushiana bei mpaka mmoja achoke. Hawa wa michezo hawauzi kitu kimoja. Kila mmoja amekwenda kwenye mnada akanunua kipande chake, akakifungia ndani, na anayekitaka hana mwingine wa kumwendea. Ushindani unafanyika huko juu kwenye mnada, na dau likipanda, sisi ndio tunaolilipa.

Mpira wa miguu peke yake hapa Marekani uangalieni. Ligi Kuu ya England iko NBC, na mechi nyingi ziko Peacock, huduma yao ya mtandaoni. Ligi ya Mabingwa iko Paramount+. La Liga wamechukua ESPN. Messi wa Inter Miami yuko Apple, waliosaini mkataba wa dola bilioni 2.5 kwa miaka kumi ya MLS, ligi kuu ya hapa, kuanzia 2023. Mtu anayependa mpira tu, hana makuu, tayari ana akaunti nne, nywila nne na tarehe nne za kukatwa pesa kwenye kadi.

Na sijafika kwenye mchezo wa mwanangu. Ana miaka 11, kakulia hukuhuku, na roho yake yote iko kwa Kansas City Chiefs, timu ya futiboli ya Kimarekani. Miaka ya nyuma ukiwa na antena tu dirishani ulishika mechi nyingi za NFL, ligi ya futiboli hiyo, bure. Tazameni ilivyo sasa. Januari 13, 2024, Chiefs na Dolphins kwenye mchujo, mechi ambayo nchi nzima inaisubiri: ilikuwa Peacock peke yake, ukitoa wakazi wa Kansas City na Miami walioiona kwenye vituo vyao vya nyumbani. NBC waliripotiwa kutoa kama dola milioni 110 kwa mechi hiyo moja. Novemba 29 mwaka huohuo, Chiefs na Raiders: Amazon. Krismasi, Chiefs na Steelers: Netflix. Mechi za Alhamisi ni za Amazon tangu 2022, kwa takribani dola bilioni moja kila mwaka. Ukitaka mechi za Jumapili zisizoonyeshwa kwenye mji wako, hizo ziko YouTube, ambao wanalipa kama bilioni mbili kwa mwaka.

Mtoto wa miaka 11 anakuuliza, "Baba, leo ni wapi?" Mimi natoka kazini saa kumi na mbili asubuhi, sijalala, na inabidi nianze kutafuta leo ni wapi.

Bilioni hizo hazitoki mfukoni mwa tajiri yeyote. Peacock mwanzoni mwa 2024 ilikuwa dola 5.99 kwa mwezi. Julai ikawa 7.99. Julai 2025 ikawa 10.99, na hicho ni kifurushi chenye matangazo ya biashara! Mwaka mmoja na nusu, karibu mara mbili. NBA, wale wa mpira wa kikapu, nao walisaini mwaka 2024 mkataba wa miaka 11 wa takribani dola bilioni 76 na Disney, NBC na Amazon. Mtu mzima anajua zitarudishwa kutoka wapi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba sheria ilikuwa upande wao tangu mwanzo. Mwaka 1961 Rais Kennedy alisaini sheria iliyoziruhusu ligi ziuze kwa pamoja haki za televisheni za timu zote, bila kuhesabika kwamba zinavunja sheria za ushindani. Wakati ule maana yake ilikuwa kituo cha bure, ukiwa na antena tu. Ruhusa ya kuuza kwa pamoja wameizoea, ile bure ndiyo wanayoimega kidogo kidogo. Watazamaji waliishitaki NFL kuhusu kifurushi kile cha mechi za Jumapili zisizoonyeshwa mjini kwako, na Juni 2024 baraza la wazee wa mahakama Los Angeles likaamua walipwe dola bilioni 4.7. Agosti mosi, jaji akaifuta hukumu ile. Wiki tano tu!

Hata kujitoa ni kazi. Serikali ilipitisha kanuni Oktoba 2024 kwamba kufuta usajili kuwe rahisi kama kujiunga. Julai 2025 mahakama ya rufaa ikaibatilisha, siku chache kabla haijaanza kutumika. Mimi mwenyewe kuna huduma nimeifuta mara mbili na bado mwezi uliofuata nimekatwa.

Najua mlioko nyumbani mtasema haya ni ya Wamarekani. Hapo Azam ana Ligi Kuu Bara yote kwa mkataba wa miaka kumi uliosainiwa 2021, shilingi bilioni 225.6. Mnalalamikia king'amuzi, na mna haki ya kulalamika, lakini Simba, Yanga na Singida mnawaona mahali pamoja. Siku haki hizo zikigawanywa Jumamosi kwa huyu, Jumapili kwa yule, derby kwa wa tatu, na mkaambiwa huo ndio ushindani, msipige makofi.

Waingereza angalau wana orodha kisheria: Kombe la Dunia na fainali ya FA lazima vituo vya bure vipate nafasi ya kuvionyesha. Huku Kombe la Dunia la wanawake la 2027 limeshachukuliwa na Netflix. Binti yangu mdogo anacheza namba tisa shuleni kwao.

Ninachotaka si bure. Niuzieni mechi moja moja. Dola mbili, dola tatu, nilipie dakika 90 nilizozitaka, na picha ikiganda dakika ya 86 nirudishiwe pesa yangu bila kubembeleza.

Mlioko Uingereza, Kanada, Oman na kwingine, wekeni hapa mnalipa kiasi gani kwa mwezi na mnapata nini. Na kama kuna aliyewahi kurudishiwa pesa baada ya mechi kukatika, aeleze hatua kwa hatua alifanyaje.