Namba iliyogoma kuongezeka

Neema: Shikamooni nyote. Baba Mdogo, alama za Yona kwenye mchezo wa simu zimefika 2,147,483,647, na tangu jana haziongezeki hata moja. Je, simu imeharibika?

Baba Mdogo: Marahaba, mwanangu. Simu ni nzima. Programu nyingi hutunza namba katika nafasi 32 za sifuri na moja, na kwa kuwa nafasi moja hutengwa kwa ajili ya alama ya hasi au chanya, hubaki 31. Zote zikijazwa moja, namba inayopatikana ndiyo hiyo, yaani 2 kwa kipeo cha 31, ukitoa 1.

Shangazi Tabu (Kongwa): Tuelezee na sisi wakulima.

Baba Mdogo: Dada, leo weka ghalani punje 1 ya uwele, kesho 2, keshokutwa 4, uendelee hivyo kwa maradufu, jioni ya siku ya 31 punje zote zitakuwa 2,147,483,647 kamili. Mimi hunivutia zaidi kwamba namba hiyo ni tasa.

Babu: Tarakimu zake zikijumlishwa ni 46, basi haigawanyiki kwa 3, inaishia na 7, basi 2 na 5 nazo hazimo. Lakini zilizobaki ni nyingi mno. Nani alizijaribu zote?

Baba Mdogo: Mwanahisabati Leonhard Euler, Baba, mwaka 1772, akiwa Saint Petersburg, Urusi, na macho yake yakiwa karibu yamepofuka kabisa. Kwa kuwa kipeuo chake cha pili hakifiki 46,341, ilitosha kujaribu namba tasa zilizo chini ya hapo, ambazo bado ni zaidi ya 4,000. Yeye alionyesha kwamba kigawo chochote tasa cha namba hii, chenyewe kikigawanywa kwa 248, lazima kibakize 1 au 63, na kwa sharti hilo majaribio yakapungua yasifike hata 100.

Babu: Huyo alijua kupalilia kabla ya kuvuna. Je, namba zote za umbo hilo, 2 kwa kipeo fulani ukitoa 1, ni tasa?

Baba Mdogo: La. Hizo huitwa namba za Mersenne, na 2 kwa kipeo cha 11, ukitoa 1, ni 2,047, ambayo ni 23 mara 89, ingawa 11 yenyewe ni tasa. Ile iliyo tasa huzaa namba kamilifu: zidisha hii yetu kwa 2 kwa kipeo cha 30, upate 2,305,843,008,139,952,128, iliyo sawa na jumla ya vigawo vyake vyote vidogo kuliko yenyewe, kama 6 ilivyo jumla ya 1, 2 na 3.

Shangazi Tabu: Hiyo sitaihesabu kwa punje.

Neema: Nimetafuta kwa sharti la 248, na namba tasa ya kwanza ni 311. Nimegawa kwa mkono, nimepata 6,905,092 na baki ya 35.

Babu: Hata mimi nimepata 35. Inayofuata ni 1,303. Yona naye alete daftari.